Mpangaji Asiyelipa Kodi

Huko Marekani na Ulaya wapo watu wanaofuga matumbawe sebuleni. Wana taa za bei ya pikipiki, pampu za kuigiza mawimbi na chumvi ya dukani ya kutengenezea bahari. Kisha, juu ya jiwe lililonunuliwa kwa fedha nyingi, anachomoza Aiptasia: anemoni wa kahawia, hakualikwa, hana haraka ya kuondoka.

Bwana mwenye tangi hushika kisu, na hapo ndipo anapomfanyia adui hisani. Kipande kidogo cha unyayo wa anemoni kikibaki jiweni huota mnyama mzima. Aliyekata mmoja kwa hasira amejipandia shamba.

Zikaja sindano: za maji ya chokaa, za maji ya ndimu, hata za maji yanayochemka. Ungedhani anaandaa supu. Ziliposhindwa, wakaajiriwa walaji. Kamba wadogo wa jamii ya Lysmata huanza kwa bidii. Wakishaonja chakula cha samaki, hugoma, na wengine hugeukia matumbawe yenyewe. Samaki Chelmon rostratus, mwenye mdomo mrefu, huchagua minyoo kwanza na anemoni akipenda.

Mtumishi mwaminifu ni Berghia, konokono asiye na gamba. Hali kitu kingine ila Aiptasia, hadi wa mwisho. Akishamaliza kazi, kiinua mgongo chake ni kufa njaa.

Kamba, mzoefu wa ajira, aliliona hilo mapema. Ndiyo maana hamalizi.