Kidani cha Asili kwa Plastiki Tupu: Mwongozo wa Mtu Mwenye Haraka

Mwenzangu, siku hizi watu wanataka kuvaa msitu shingoni, ila msitu wenyewe uko mbali na una mbu. Hapo ndipo udongo wa polima unapokuokoa. Usiogope matope: ni PVC, ndugu wa damu wa bomba la maji, iliyolainishwa ikatiwa rangi. Inakandika, inakatika, inaokwa jikoni. Fuata hatua hizi, na kila kitakachoharibika tutakiita asili.

1. Kanda. Udongo ukitoka kwenye pakiti huwa mkaidi. Ukande mpaka ukunjike bila kukatika. Mikono ikichoka, ukalie huku unatazama tamthilia. Joto la mwili nalo ni fundi. Ukiazima mashine ya tambi ya wifi yako, jua umeshainunua, maana kilichopitisha udongo huu hakirudi tena kwenye chakula. Uvivu ukikushinda, kidani kitapata nyufa. Nyufa ni gome la mti.

2. Iba jani. Usipoteze muda kujifunza kuchora. Jani la mpera wa jirani linatosha. Ligeuze, kwa kuwa mishipa iliyotuna iko upande wa chini. Lilowanishe kidogo lisigande, lilaze juu ya udongo, viringisha chupa ya soda, kata pembeni kwa wembe, bandua. Kazi kaifanya mpera, sifa ni zako. Mti haudai.

3. Chimba feruzi jikoni. Kule Neyshabur, Iran, watu wamehangaika na miamba kwa karne nyingi kuitafuta. Wewe chukua udongo wa buluu iliyochanganyika na kijani, ukatekate, vipake vipande rangi nyeusi ya akriliki, viache vikauke, kisha vigandamize pamoja. Ukishaoka na kupiga msasa, weusi utabaki kwenye maungio tu, na hapo jiwe limezaliwa. Ukiulizwa kama ni feruzi halisi, tabasamu useme, “Ni rangi ya feruzi.” Hujadanganya, na muulizaji hakuwa na hamu ya kujua zaidi.

4. Toboa kabla ya kuoka. Kijiti cha meno kinatosha. Ukisahau, gundisha pini kwa nyuma, kiite bruchi, na uape kwamba ndivyo ulivyokusudia tangu mwanzo.

5. Oka kwa adabu. Hapa sina ujanja wa kukupa. Mteja hulainika kwa sifa, oveni haisifiki. Soma pakiti: aina nyingi huiva kwenye nyuzi 110 hadi 130 za sentigredi, kwa nusu saa hivi, kutegemea unene. Swichi ya oveni ni mwongo kukuzidi, kwa hiyo weka kipimajoto ndani. Ukizidisha moto ili uwahi sherehe, plastiki itaungua na kutoa moshi wenye asidi: zima, fungua madirisha, toka nje. Ukipunguza moto, kidani kitapendeza sana mpaka siku kitakapoanguka.

6. Tetea alama za vidole. Wenye subira huziondoa kwa msasa wa maji, namba 400, kisha 600, kisha 1000. Wewe ziache. Mteja akizigundua, mwambie, “Kimetengenezwa kwa mkono, na mkono wenyewe huo hapo.” Vumbi lililonasa kwenye udongo mweupe ni mchanga wa pwani. Unywele wa paka ni unyuzi wa mmea. Upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine, mwulize ameona wapi matawi mawili yaliyolingana.

7. Panga bei kwa jina. Kipige picha juu ya kipande cha gome, kamwe si juu ya kitambaa cha meza. Kisha kibatize jina lenye milima. “Umande wa Usambara” unapanda bei kuliko “kidani cha kijani”, hata kama kimeokwa Tandika. Mnunuzi halipii plastiki; analipia swali atakaloulizwa harusini: “Umekipata wapi?”

8. Jiandae kwa malalamiko. Iko siku mnunuzi atarudi na kidani kimevunjika katikati. Usibishane. Kipokee kwa mikono miwili, kitazame kwa masikitiko, halafu mpongeze: sasa ana hereni. Vipande viwili tayari anavyo. Anachodaiwa ni hela ya kulabu.