Sanduku la Shemeji na Ndege ya Rungwa

Shemeji alirudi likizo kutoka Dubai na zawadi ya kaka yake: sanduku gumu la magurudumu manne, rangi ya bluu inayong'aa. Baba Neema, mume wangu, ni traka, mfuata nyayo katika kampuni ya uwindaji wa kitalii, na misimu yote iliyotangulia alikuwa akienda kambini, Pori la Akiba Rungwa, juu ya lori la vyakula, nguo zake zikiwa ndani ya kiroba. Sasa mwindaji bingwa wake alikuwa amemwambia kwamba atapanda ndege pamoja na wageni. Habari hiyo ilifika Dubai kabla haijafika kwa jirani yetu wa ukuta mmoja, na Shemeji hakutaka kaka yake ashuke kwenye ndege na kiroba.

Mama mkwe alilipokea sanduku kwa vigelegele. Akaliweka sebuleni, akalifunika kitambaa cha kudarizi, na mtoto yeyote aliyelisogelea aliitwa jina lake kamili.

Mimi ni fundi cherehani. Kwenye begi lolote jicho langu huanzia kwenye zipu. Watu walipolala nikaondoa kitambaa, nikaivuta zipu ile taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Meno membamba, kichwa chepesi, na utepe wake umeshonewa kwenye plastiki kwa mstari mmoja tu wa uzi. Asubuhi nikamwambia Baba Neema, "Zipu hii haitafika Desemba."

Shemeji alisikia kutoka chumbani. "Shemeji, sanduku hili limepita viwanja vikubwa vya dunia!"

"Viwanja hivyo vina sakafu ya marumaru," nikamjibu. "Rungwa hakuna."

Mama mkwe akafunga mjadala. "Mama Neema, zawadi haikaguliwi." Akishasema yeye, nyumba hii imesema.

Basi likafungashwa. Mama mkwe kwao ni Manyoni, na hesabu yake ilikuwa kwamba anayeenda Rungwa hawezi kukosa kupita kwa ndugu zake. Juu ya nguo za mwanawe akaongeza dagaa, karanga za kukaanga, doti ya kanga ya dada yake, na chupa ya samli aliyoifunga kwa nailoni. Shemeji akakalia kifuniko ili kifunge. Tukaenda wote kumsindikiza, hadi Neema, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha pale Kisongo.

Mzani ukasoma kilo 23. Ndege hizi ndogo za porini huruhusu abiria mmoja kilo 15, pamoja na begi la mkononi. Rubani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia mama mkwe, kisha akatueleza bila haraka. Cessna Caravan ina injini moja, na uwanja inakoshukia ni wa udongo, kwa hiyo kila kilo huhesabiwa, hata za abiria wenyewe. Mizigo huingia kwenye kasha lililo chini ya tumbo la ndege, ambalo milango yake ni midogo. Begi la kitambaa husukumwa, likajikunja, likajaza pembe. Sanduku gumu halijikunji. Kitu kigumu pekee alichokipokea siku ile kilikuwa kesi ya bunduki ya mgeni, kwa kuwa mashirika ya ndege hutaka bunduki isafiri kwenye kesi ngumu yenye kufuli. "Mengine yote, mama, kitambaa," akaniambia.

Tukatandika kanga ya dada yake mama mkwe chini, pembeni mwa mzani, tukafungua sanduku mbele ya wageni. Samli ilikuwa imevuja. Ilikuwa imeloanisha mashati mawili ya kazi na kuwafikia dagaa, na harufu yake ilipanda hadi alipokuwa amesimama mwindaji bingwa. Nilimtuma Neema dukani akanunue kiroba. Nikafuta mashati kwa upindo wa gauni langu, nikakunja suruali, soksi, koti la baridi na darubini ya zamani aliyopewa na bosi wake, nikafunga mdomo wa kiroba kwa kamba. Kilo 11. Baba Neema akapanda ndege, na Shemeji akaburuta sanduku hadi barabarani pasipo kusema neno.

Lakini zawadi ikitoka Dubai haikubali kulala bure. Lori la vyakula lilipoondoka, Shemeji akalipeleka sanduku kwa dereva na kumsihi alifikishe kambini. Likafika. Liliporudi nyumbani gurudumu moja halikuwepo, pembe ilikuwa imepasuka mpasuko wa kiganja, na zipu imefungwa kwa kamba za mpira wa tairi. Vumbi lilijaa ndani hadi kwenye bitana. Plastiki za masanduku hazifanani: polikaboneti hunepa ikigongwa, ile ya ABS ni ya bei nafuu zaidi na hupasuka, na hili lilikuwa la pili.

Baba Neema alikuwa na malalamiko mengine ambayo mimi sikuyafikiria. Pori la miombo la Rungwa lina mbung'o, na mbung'o hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo, vilivyotiwa dawa. Sanduku la bluu lilipokaa nyuma ya Land Cruiser, lilikuwa linawaita. Walitua juu yake kwanza, kisha wakahamia kwenye shingo za watu. Wenzake wakamwomba alifunike kwa gunia, na gunia likabaki juu yake mpaka siku ya kurudi.

Mama mkwe alilitazama lile gurudumu lililokosekana kwa muda mrefu. Sasa anatunzia unga ndani ya sanduku, na hilo ni jambo jema, kwa maana panya hawajaweza kuingia.

Kilichonifundisha mengi zaidi kilitokea msimu uleule. Mgeni mmoja alitua uwanja wa ndege wa KIA usiku akitokea Ulaya. Bunduki yake ilifika, begi kubwa la nguo halikufika, na ndege ya Rungwa ilikuwa alfajiri. Shirika likamwambia asubiri. Mtu aliyelipia siku za kuwinda hasubiri nguo. Kila siku ya porini ina bei yake. Baba Neema akaja nyumbani saa tatu usiku na vipimo vya mgeni vimeandikwa kwenye kiganja: kiuno, paja, urefu wa mguu. Kitambaa cha kaki nilikuwa nacho, cha sare za shule. Umeme ulikatika nikiwa nimekata suruali ya kwanza, lakini cherehani yangu ni ya kukanyaga. Neema alishika tochi, mama mkwe akashona vifungo, na mgeni alipanda ndege na suruali mbili mpya ambazo mshono wa katikati ya miguu niliupitisha mara tatu, maana mtu wa porini huchuchumaa kutwa.

Lakini kilichookoa safari yake si mimi. Ni begi lake la mkononi. Ndani yake mlikuwa na dawa zake zote, kibali cha bunduki, darubini, miwani ya akiba, shati moja, na pawabenki, ambayo kwa vyovyote hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini. Buti alikuwa amezivaa. Kisu na risasi ndivyo vilivyokuwa chini, panapostahili, navyo vilifika pamoja na bunduki. Risasi abiria huruhusiwa hadi kilo 5, zikiwa zimefungwa vizuri, na si kwenye kiti kamwe. Mtu akibeba hivyo, hata mzigo mkubwa ukipotea wiki nzima anaweza kufuata nyati. Suruali hushonwa usiku mmoja. Dawa ya moyo na kibali havishonwi.

Alipomaliza kuwinda, mgeni alimwachia Baba Neema lile begi la mkononi. Mimi nikalichukua, nikaliweka mezani, nikachukua wembe na kuanza kufumua bitana.

"Unachana zawadi ya mgeni!" mama mkwe akapiga kelele kutoka jikoni.

"Nitaishona, Mama. Nataka kuona lilivyosimama."

Akaja akavuta kiti. Tulilitazama pamoja. Lebo iliandikwa nailoni 1000D. Hiyo D ni denia, uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Yaani uzi wa kitambaa kile, ukinyooshwa mita 9,000, una kilo nzima. Mikanda ya kubebea haikuishia mdomoni mwa begi. Ilishuka ubavuni, ikapita chini ya tumbo, ikapanda upande wa pili, kwa hiyo mzigo ulilala juu ya mkanda wala haukuning'inia kwenye nyuzi. Kila ncha ilikuwa imeshonwa mbele na nyuma mpaka uzi ukafanya ukuta mdogo. Kingo zote za ndani zilifunikwa utepe ili kitambaa kisichomoke nyuzi. Zipu ilikuwa pana, ya nailoni iliyozungushwa, na nyuma ya kichwa chake namba 10. Zipu ya namna hii ikiachia, mara nyingi huhitaji plaizi tu: unabana kichwa kidogo pande mbili, inashika tena. Ya chuma ikipoteza jino moja, safari imekwisha. Na uzi wote ulikuwa wa nailoni, hakuna pamba, maana pamba huoza kwa jasho na unyevu.

Mama mkwe akapitisha kidole kwenye ule ukuta wa uzi. "Hiki hata mimi naweza," akasema. Kuanzia hapo alikuwa upande wangu.

Tukaanza kutengeneza la kwetu. Turubai la lori lililochakaa pembeni lakini zima katikati, mikanda ya viti vya magari kutoka kwa wauza vyuma chakavu, sindano namba 18 kwa kuwa namba 14 ilivunjika kwenye pembe. Vipimo nikavichukua vya kabini, sentimita 55 kwa 35 kwa 20, ambavyo hubeba lita 38 na nusu na vinakubalika kwenye ndege nyingi kubwa, ili begi hilohilo liende Rungwa na, Mungu akipenda, hata Dubai. Magurudumu sikuweka. Magurudumu na mpini wa kuvuta hula uzito wa nguo, na kwenye ndege kubwa nyingi begi la mkononi linaruhusiwa kilo 7 tu.

Rangi ilitugombanisha kidogo. Shemeji alituma picha ya kitambaa cha mabaka, akisema wawindaji wote wa kwenye runinga wanakivaa. Nikamkatalia. Hapa kwetu mavazi yanayofanana na ya jeshi ni kosa kwa raia, na mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku saba watu wayasalimishe. Sitaki mume wangu asimamishwe kwenye kizuizi akieleza kuhusu begi. Tukabaki na rangi ya majani makavu, ambayo mbung'o nao hawaijali.

Huko kambini begi lilitupwa juu ya gari, likaburutwa, likakaliwa. Mkanda mmoja ukachomoka upande, mahali ambapo turubai lilikuwa na tundu la zamani la kamba. Mpishi wa kambi akachukua sindano ya magunia na mshipi wa kuvulia, akaushona palepale karibu na moto wakati wali unaiva, na alfajiri Baba Neema akaondoka nalo kufuata nyayo. Sanduku lililopasuka pembe lingengoja nini kule porini?

Tangu hapo kila begi linalotoka mezani kwangu lina sindano ya gunia na kibunda cha uzi wa nailoni kwenye mfuko wa pembeni. Wenzake Baba Neema wameanza kuleta maturubai yao wenyewe. Mama mkwe anashona ncha za mikanda, na hataki nimsahihishe. Dereva wa lori anataka lake liwe na mfuko wa nje wa kuwekea chupa ya chai, nami namwambia mfuko wa nje hunasa kwenye miiba, na yeye anasema chai yake haiwezi kukaa na nguo. Amesema atakuja Jumamosi na chupa yenyewe tupime.