Mzungu wa Nne

Wataalamu wa afya wanasema mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi kila usiku. Hawajalala Marangu mkesha wa Krismasi, kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyorudiwa na ukoo mzima.

Tayari tunafika na deni. Ili uwahi basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam, usiku huo hulali, unahesabu mabegi. Ukianza kusinzia Segera, Mombo kondakta anagonga bati: kuchimba dawa, dakika kumi!

Mimi nilipangiwa kitanda na binamu zangu wawili, tukalala mzungu wa nne. Blanketi moja, na baridi ya mlimani haina utani. Wa Mwanza anakoroma, wa Arusha kaniwekea visigino puani. Chini ya dirisha amefungwa mbuzi wa sikukuu, analia bila kupumzika. "Mwacheni," shangazi akasema kutoka chumba cha pili, "ratiba anaijua."

Tulikuwa tumerudi kutoka kanisani saa saba usiku, na mjomba akanishauri kata moja ya mbege ili nilale vizuri. Kulala nililala, fofofo. Ila pombe ina tabia hiyo: inakulaza upesi, kisha usiku ukishakatika katikati inakurudisha macho makavu. Na mbege, ndizi mbivu na kimea cha ulezi, haikai tumboni bila kudai njia. Choo kiko nje, ng'ambo ya migomba, na njiani yupo mbwa ambaye jioni nilimpa mfupa kwa mkono wangu. Usiku hanifahamu hata kidogo. Nikasubiri kuche.

Saa kumi na moja bibi akafungua mlango, taratibu, kwa huruma zote.

"Wajukuu zangu, mmelala?"

"Tumelala, Bibi."

"Haya, laleni. Mmechoka na safari." Akavuta mlango, akaurudisha. "Ila mbuzi atakamatwa na nani?"

Nyumba nzima aliyelala ni mmoja tu, mume wa dada yangu, mgeni wa mwaka wa kwanza. Yeye alipewa chumba cha peke yake, chenye neti na komeo. Watoto wakikimbia koridoni wanakemewa: mkwe amepumzika! Saa nne asubuhi supu ilipelekwa mlangoni kwake kwenye hotipoti.

Tarehe 26 mchana tukaketi kikao cha ukoo. Ajenda ya kwanza, mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ilisomwa kwa sauti moja tu, ndefu, tamu, na kiti nilichopata kilikuwa na mito. Sikumbuki ajenda ya pili.

Niliamshwa na makofi. Nimechaguliwa mweka hazina, bila kupingwa, na aliyenipendekeza ananipa mkono wa pongezi: mkwe, uso mkavu, macho maangavu.