Gari lenye suti, barabara yenye tope

Mafundi wa stika za kuvisha gari zima wana masharti kuliko mganga. Bodi ioshwe, ikauke, kisha ifutwe kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Nta yote iondoke. Penye mbonyeo pajazwe pati na kupigwa msasa, maana vinili ya stika haifichi kovu, hulitangaza. Rangi mpya iachwe wiki kadhaa ikomae, la sivyo siku stika ikibanduliwa itaondoka nayo. Na kazi ifanyike ndani, pasipo chembe ya vumbi.

Pasipo vumbi! Sharti hilo lipelekwe Epulu.

Epulu iko kando ya Barabara ya Taifa Namba 4 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kati ya Nia-Nia na Mambasa, ndani ya Hifadhi ya Okapi ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1996. Jua likiwaka, vumbi jekundu hupenya hadi nyuma ya kitasa cha mlango, palepale fundi anapotaka ncha ya stika ishike. Mvua ikinyesha, lori huvishwa tope toka tairi hadi kioo: bure, bila spiriti wala mashine ya joto, na bila povu hata moja la hewa.

Mwenye Prado pale Bunia atasema yake lazima iwe nyeusi isiyong'aa, kama zile za Nairobi. Aivishe tu. Ila amuulize fundi kama dhamana yake inahesabu kukokotwa kwa mnyororo.