Jinsi ya Kulisha Kuku wa Jirani: Mwongozo wa Bustani kwa Mkazi wa Kibiti

Anza na picha. Mbegu haichaguliwi kwa udongo, wala kwa msimu, wala kwa maji. Hayo ni mambo ya wazee. Ingia duka lolote la pembejeo kando ya barabara ya Kilwa, inua macho hadi rafu ya juu ya dirishani, utafute kopo lenye nyanya nyekundu inayong'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Ukiiona, umeshapata mbegu yako. Muuzaji akianza kukuuliza utapanda wapi na maji utatoa wapi, mwambie una haraka.

Usigeuze kopo. Nyuma yake kuna mambo ya kuvunja moyo: tarehe, asilimia ya uotaji, na lebo ya TOSCI, ile taasisi ya Morogoro iliyokabidhiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 kazi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Mtu akiyasoma yote hayo anaweza kugundua kwamba muda wa kopo uliisha tangu masika ya juzi, na kwamba limekaa dirishani miezi yote hiyo likipigwa jua. Mbegu huuawa na joto na unyevu, na mkoa wa Pwani haujawahi kupungukiwa na kimojawapo. Mimi niligeuza kopo langu wiki tatu baada ya kupanda, ndipo nikaelewa kwa nini kitalu kilikuwa kimya vile.

Ukikuta kopo limeandikwa F1, furahi zaidi, kisha ujiapize kwamba mbegu hizo utazinunua mara moja tu maishani. Chotara huyo ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa kwa makini, na mavuno yake ya kwanza ni mazuri kweli. Wewe kamua mbegu zake, uzipande tena mwakani, uone. Mche mmoja utamfuata babu, wa pili mjomba, wa tatu hautafanana na mtu yeyote mnayemfahamu pale nyumbani, na hapo ndipo maneno ya mtaani yanapoanzia. Zipo nyanya zisizo chotara, kama Tanya na Tengeru 97, ambazo mbegu zake ukizikamua, ukaziacha zichachuke kikombeni siku mbili tatu, ukaziosha na kuzianika kivulini, zitazaa nyanya inayofanana na mama yake. Lakini hizo makopo yake huwa hayang'ai.

Jambo la muhimu kuliko yote: usimwulize bibi.

Bibi yangu anakaa huko kwenye visiwa vya delta ya Rufiji. Unapanda boti Nyamisati, unafuata maji yanavyotaka. Nilimpelekea kopo langu nikitegemea sifa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea nini?"

"Mbegu za nyanya."

Akaitazama picha kwa muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha. "Hii imeota wapi?"

"Hiyo picha tu, bibi."

"Haya. Kaipande picha."

Kisha akanionyesha ushamba wake. Huchukua mbegu kumi, akazifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu kilicholoweshwa, akakiweka karibu na mtungi na kukinyunyizia maji kila asubuhi. Baada ya siku kadhaa hufungua na kuhesabu. Zikiota nane au tisa, anasia. Zikiota tano, anasia mara mbili ya kipimo. Isipoota hata moja, zilizobaki huwapa kuku waziwazi, bila kujidanganya kwamba analima. (Hapa naacha mzaha: mbegu za kopo zenye rangi ya pinki au buluu zimepakwa dawa, usimpe kuku, usile, na nawa mikono.) Mbegu zake hukaa ndani ya kibuyu, zimechanganywa na jivu kavu linalonyonya unyevu na kuwasumbua wadudu, mdomo umezibwa. Mahindi ya mbegu huning'inia juu ya jiko, kwenye moshi. Hana lebo hata moja.

Sasa maji. Warufiji walikuwa na kilimo kinachoitwa mlau: mto unafurika, unaacha tope lenye rutuba bondeni, ukishuka nao wanashuka, wanapanda mahindi na kunde kwenye unyevu uliobaki, na mmea unakua bila mtu kushika ndoo. Kuanzia mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wa bonde kwenda nyanda za juu zisizofurika, na watu wakahamia, ila mashamba yao hayakuhama. Wakawa wanashuka msimu kwa msimu kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kulinda mazao dhidi ya ndege, ngedere, nguruwe pori na kiboko. Mwongozo wangu hauna haja na subira ya namna hiyo. Wewe panda bondeni mapema, kabla mto haujasema lake. Aprili 2024 mto ulisema, Rufiji na Kibiti zote zikasikia, na mashamba yakalala chini ya maji.

Ukiwa Kibiti mjini umenusurika na hilo, kwa sababu huna bonde, una mchanga. Maji uliyomwagilia alfajiri, saa nne huyaoni. Dawa yake ni samadi na matandazo ya nyasi au makuti. Samadi siku hizi si shida, kwani tangu wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengine wakaletwa Rufiji, ng'ombe tunao. Ng'ombe hao hukuletea samadi bure hadi katikati ya tuta, wakiwa wamekuja kwa ajili ya mchicha.

Huko delta nako kuna chumvi. Siku za bamvua bahari hupanda mitoni, na mkulima wa mpunga anayesia kabla mto haujajaa maji baridi ya kutosha hupanda kachumbari. Akinusurika na chumvi, kaa wanamsubiri kuikata miche ikiwa bado changa. Mkulima pekee asiyehitaji mwongozo huu ni mkoko. Tunda lake huota likiwa bado mtini, likaning'inia kwa miezi, kisha likaanguka kama mkuki na kujichoma topeni. Likikuta maji, huelea hadi lifike panapofaa. Sijasikia mkoko umenunua kitu dirishani.

Kupanda kwenyewe hakuna kazi. Fukia mbegu ya nyanya kina cha kiganja, kama unaficha pesa za mchezo; mjinga ndiye anayefukia mara mbili au tatu tu ya unene wa mbegu. Mchicha, ambao mbegu zake ni kama vumbi, umwage wote sehemu moja, usije ukauchanganya na mchanga mkavu ili utawanyike. Bamia usiiloweke usiku kucha. Itaota upesi ukakosa la kulalamikia. Matembele achana nayo kabisa, hayana kopo: unaomba kipande cha mche kwa jirani, unachomeka, yanaota. Kitu kisicho na picha kitakuwa na faida gani?

Kwa maua, subiri ndugu arudi kutoka Ulaya. Mimi nililetewa pakiti kutoka Uholanzi, imepita bila kibali chochote cha afya ya mimea, jambo ambalo TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wakilisikia tutaelewana vibaya. Maelezo yalisema: panda baada ya barafu ya mwisho ya usiku. Kibiti bado tunaisubiri barafu ya kwanza. Wakati huohuo mrihani uko mlangoni kwa kila mtu, mbegu zake ukizitia maji huvaa utelezi kama mayai ya chura na huota bila kubembelezwa. Asumini inashika kwa kipande cha tawi, na jioni akina mama wanazichuma kufungia vikuba. Pakiti ya Uholanzi ninayo bado. Inanukia karatasi.

Mwisho ni wigo. Usijenge. Kuku wa jirani yangu walifika kabla sijanawa mikono, jogoo mbele, wakaparua tuta zima la mchicha kwa utaratibu ambao sijawahi kuuona kwenye mkutano wowote wa kijiji. Nilichozungushia ni fito nne na chandarua chakavu. Vifaranga walipita chini, mama yao akapita juu.

Wiki iliyopita jirani alibisha hodi na mayai sita kwenye kisahani. Alisema siku hizi kuku wake wanataga vizuri, na hajui wanakula nini.