Kuvisifu -ed na -ing

Wapo waliousifu mnazi kwa faida zake na punda kwa uvumilivu wake. Mimi nasimama kuvisifu viambishi viwili vya Kiingereza, -ed na -ing, ambavyo vimenifuata mpaka barazani kwangu ndani ya barua za maombi ya kazi ninazoletewa na vijana wa mtaani nizinyooshe.

Barua karibu zote huanza vilevile: "I am interesting in the post of driver." Kijana alitaka kusema kazi imemvutia, kiambishi kikamtangaza yeye kuwa mtu wa kuvutia. Ukimjua, utakubali kwamba kiambishi hakikusema uongo.

Sifa ndogondogo nazitaja nikipita. Vinafundisha unyenyekevu: duka likifungwa ni "closed", lakini likiwa wazi ni "open", si "opened", na ukiuliza sababu mwalimu anatazama saa. Vinanoa masikio: -ed ya "bored" inasikika d, ya "shocked" inasikika t, ya "interested" inajitwalia silabi nzima. Tena havibagui wafu: marehemu ni "dead", na ukisema "is died" utasahihishwa hata msibani.

Sifa kuu, hata hivyo, ni kuzalisha ajira. Mwenye steshenari anachapa barua, nairekebisha, anaichapa upya, na kila karatasi ina bei yake. Mwalimu wa tuisheni anakula kwa -ed na kulipia kodi ya chumba kwa -ing. Mzazi akiogopa mwanawe asije kuchekwa ukubwani, anampeleka "English medium", na hapo wanapata riziki fundi wa sare, muuza soksi ndefu, mpishi wa uji, matroni na dereva wa basi la shule, ambaye kwa bahati yake aliajiriwa bila kuulizwa neno la Kiingereza. Juu ya wote limeketi jopo la usaili, na posho, na maji ya chupa, na korosho kwenye kisahani. Ng'oa -ed leo uone kama uchumi wa kata utasimama.

Hapo ndipo sifa zinaponikwama kooni. Kijana mmoja niliyemnyooshea barua ameshusha malori ya mizigo kwenye mteremko wa Kitonga, usiku, mvua ikinyesha. Aliingia kwenye usaili akawakuta wajumbe wakitaniana kwa Kiswahili. Alipoketi tu, wakahamia Kiingereza. Wakamuuliza kuhusu mteremko ule. Akajibu, "Kitonga is very frightened." Mjumbe mmoja akacheka, mwingine akaandika. Hakuna aliyemuuliza anashuka na gia namba ngapi. Alipotoka, mlango haujarudi vizuri, akamsikia mwenyekiti akihukumu kwa Kiswahili safi: "Huyu hawezi kujieleza."

Hawezi kujieleza! Mtoto wa chekechea hachanganyi "nimechoka" na "nimechosha". Sembuse mtu mzima mwenye leseni. Tofauti wanayomtafutia kwa tochi anaijua tangu ananyonya. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akifika kidato cha kwanza anageuziwa lugha kama chapati. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri sekondari nazo zihamie Kiswahili. Serikali haikuufuata ushauri huo, na ofisi zikapata chujio lisilogharimu kitu: halipimi breki, halipimi macho, halipimi akili, linapima mwisho wa neno. Nalo lori litakwenda Tunduma kwa maelekezo ya Kiswahili, litapimwa mizani kwa Kiswahili, na likikwama dereva atatukanwa kwa Kiswahili hichohicho.

Basi natoa pendekezo rasmi. Siku ile -ed na -ing ndivyo vilivyosaili, vikapanga alama na kumkata mtu. Wajumbe walikuwa wakila korosho. Karatasi ya posho ikipita tena mezani, visaini vyenyewe.