Bi Mkubwa wa Kipini Awajibu Wageni

*Shikamoo, Bi Mkubwa. Nimesafiri usiku kucha kutoka Nairobi kuja kuona bahari. Kwenye picha zote za Pwani maji huwa ya samawati, lakini hapa Kipini nimekuta maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Kila picha niliyojipiga naonekana nimesimama dimbwini. Nani atanirudishia nauli yangu? – Mwenye Simu Mpya, Kileleshwa*

Marahaba, mwanangu. Nauli ulimpa mwenye basi, kamdai yeye.

Ama hilo tope, si letu. Hapa ndipo Mto Tana unapoingia baharini, na Tana huanzia huko kwenu juu, Mlima Kenya na Nyandarua. Udongo unaoulalamikia huenda ulikuwa shamba la mtu Murang'a kabla mvua haijaubeba. Maji ya Mto Thika, ambao ni tawimto la Tana, mwayazuia kwa bwawa la Ndakaini mkayanywe Nairobi. Yanayobaki huzungusha mitambo ya umeme tangu Masinga hadi Kiambere, mkapata na moto wa kuchajia hiyo simu. Sisi twaletewa kilichosalia, kisha aja mgeni kutuuliza mbona hatukukichuja.

Na hata ningeweza, nisingekichuja. Kamba wadogo hukulia humu humu, katika maji ya tope na mizizi ya mikoko, kabla ya kutoka kwenda Ghuba ya Ungwana. Zile meli kubwa za kukokota nyavu, ambazo wavuvi wetu wamegombana nazo miaka na miaka, hazikuja kutazama mandhari. Zilifuata kamba, na kamba kafuata tope.

Kesho amka mapema uende pwani wavuvi wakirudi. Utamwona kamba akitolewa wavuni yu hai, sharubu zake ndefu kuliko mwili wake, gamba jepesi hata waona utumbo mweusi uliopita mgongoni, naye ajirusha kumpiga mnunuzi kifuani. Mpige picha huyo. Ukishikilia samawati yako, panda basi la Mokowe, uvuke Lamu. Wenzako wote wako huko, wakipigana picha mbele ya punda mmoja.

*Bi Mkubwa, mimi na mchumba wangu twataka kuoga mtoni jua likizama. Kuna ubaya? – Wapendanao, Malindi*

Upo, na una meno. Kiboko hutoka majini magharibi kwenda malishoni, na hapendi kumkuta mtu njiani mwake. Mamba hana saa ya kutoka, yeye yumo tu. Kodini mashua yenye nahodha mwenyeji, mchana, muwatazame kwa mbali. Na mkipita mjini, mchumba ajitande leso, nawe bwana vaa shati. Watu hawaji Malindi kwenu vifua wazi mpaka mlango wa msikiti.

*Bi Mkubwa, nimekuja kuona kaburi la Fumo Liyongo. Wazee watatu wamenionyesha mahali patatu, na kila mmoja ameapa. Nimwamini nani? – Msomi, Mombasa*

Waamini wote, msomi wangu, na uwanunulie kahawa. Liyongo alikuwa jitu. Huenda ilibidi azikwe kote kutatu.

Wewe umesoma utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, kwa hiyo wajua Liyongo alivyouawa: mwanawe mwenyewe alimdunga kitovuni kwa shaba alipokuwa usingizini. Akaamka, akaenda mpaka kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuteka maji, wakidhani yu hai na ana hasira. Sasa niambie: watu waliomwogopa hata maiti yake, ungetaraji wakae wamwekee kibao chenye mshale wa kuonyesha njia?

Kama wataka mawe, nenda Ungwana, pwani iyo hiyo. Yapo magofu ya misikiti na makaburi, na James Kirkman aliyachimba miaka ya 1950, akayaandikia kitabu kizima. Mchukue mwenyeji akuongoze, maana kichaka kimekua na nyoka hawajasoma Kirkman. Na usiondoke na kigae mfukoni. Nawajua nyinyi wasomi.

*Bi Mkubwa, binamu wa mume wangu alikuja kututembelea Jumamosi na Jumapili. Hii ni wiki ya tatu. Asubuhi kamba, mchana kamba, usiku auliza kama kumebaki kamba. Nitamwondoaje bila kuvunja udugu? – Mwenyeji, Kipini*

Usimwondoe, mwanangu. Mtalii huyo, mtembeze.

Mpeleke Ozi kwa Wapokomo wakati wa bamvua. Bahari ikijaa huusukuma mto urudi nyuma, na maji matamu yaliyo juu yakapanda kwenye majaruba ya mpunga. Ndivyo wanavyomwagilia tangu enzi za mababu, bila pampu wala mhandisi. Lakini siku hizi Tana hauji na nguvu zake za zamani, na chumvi hupanda mpaka mashambani. Mpunga waungua, miembe yakauka ikiwa wima. Kwa hiyo kuna kingo za kujenga na mifereji ya kuzibua, tope la magotini, na mbu wasiobagua mtu wa mjini. Mkabidhi jembe kwa heshima zote, umwambie nchi za watu wageni hulipia mambo kama hayo.

Jioni mpe wali wa Ozi na mchicha. Kamba sema wamepanda bei, na wala hutakuwa umesema uongo.

Akianza kuulizia basi, usijifanye kumzuia kwa adabu, asije akakubali. Mtafutie bodaboda, mfungie mzigo wewe mwenyewe, na uchungulie chini ya kitanda kama hakusahau chaja.